Leza ya macho ili uache miwani: hatari kubwa hujulikana siku ya vipimo, kabla mashine haijawashwa

Mpima_Macho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la "nimechoka na miwani, leza ya macho ni salama?" linarudi humu kila mara, na majibu hugawanyika pande mbili: wapo wanaosema kafanye kesho, wapo wanaosema utapofuka. Pande zote mbili hazimsaidii muulizaji. Kazi yangu ni upimaji wa macho, na wanaotaka leza hupitia kwangu kabla ya kumwona daktari bingwa. Nimeona nifungue uzi mmoja nieleze kwa urefu, maswali tutajibizana chini.

Kwa jicho linalofaa, upasuaji huu una matokeo mazuri sana. Kwa jicho lisilofaa, unaweza kuharibu konea iliyokuwa inakuhudumia vizuri pamoja na miwani yako. Na huwezi kuyatofautisha macho hayo mawili kwa kuyatazama, hata mimi siwezi. Ni mpaka vipimo.

Kwanza kinachofanyika. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, kinachopitisha mwanga. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, wastani mikroni 540 hivi (milimita moja ina mikroni 1,000). Mtu asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka, picha inaangukia mbele ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Leza inachonga konea katikati iwe bapa kidogo ili picha ifike mahali pake. Leza yenyewe inaitwa eksima, mawimbi yake ni nanomita 193, na haichomi kama moto. Inavunja viunganishi vya molekuli na kuondoa tishu tabaka kwa tabaka. Waliogundua kwamba inaweza kukata tishu bila kuunguza pembeni ni wanasayansi wa IBM kule Marekani mwaka 1981, na walijaribia nyama ya bata mzinga iliyobaki kwenye sikukuu. Miaka miwili baadaye daktari Stephen Trokel na wenzake wakaonyesha inavyoweza kutumika kwenye konea.

Njia zipo tatu. LASIK: daktari anakata tabaka jembamba la konea, analifunua kama kifuniko, leza inachonga chini yake, kisha tabaka linarudishwa. Kesho yake wengi wanaona vizuri. PRK: hakuna kifuniko, ngozi ya juu kabisa ya konea inaondolewa, leza inachonga, unavalishwa lenzi laini ya kulinda mpaka ngozi iote upya. Hii inauma siku 3 hadi 5 na uoni unachukua wiki kadhaa kutulia. SMILE: leza ya aina nyingine inachora kipande chembamba ndani ya konea, daktari anakichomoa kupitia tundu dogo. Marekani waliidhinisha hii ya tatu mwaka 2016.

Sasa hesabu, na hapa naomba msinirukie. Kila namba moja ya miwani ya kutoona mbali inakula mikroni 12 hadi 15 za konea. Kifuniko cha LASIK kinachukua kama mikroni 110, na hata kikirudishwa hakiongezi nguvu, kinakaa juu tu. Kinachoshikilia jicho ni kile kilichobaki chini, na kanuni inayotumika ni kisipungue mikroni 250. Madaktari wengi wanapenda kibaki zaidi ya hapo.

Mtu wa kwanza: konea 540, namba hasi 4 (hasi ni alama ya miwani ya kutoona mbali). Toa 110 za kifuniko, toa 60 za kuchonga, inabaki 370. Yuko salama kwa upande huo. Mtu wa pili: konea 480, namba hasi 8. Toa 110, toa 120, inabaki 250 kamili. Huyu yuko ukingoni, na miaka miwili baadaye akihitaji kurudiwa hakuna cha kuchonga tena. Wote wawili wameingia na kiu ileile ya kuacha miwani, na wote wawili tangazo la mtandaoni limewaambia ni dakika chache tu. Ndiyo maana ukipigiwa simu ukatajiwa bei na tarehe ya upasuaji kabla hujapimwa unene wa konea, ondoka.

Unene peke yake hautoshi. Kuna ugonjwa unaitwa keratokona: konea inakuwa dhaifu, inatokeza mbele kama koni. Kwa vijana wetu huu ugonjwa tunaukuta sana kuliko watu wanavyodhani, hasa waliokua na mzio wa macho, wale ambao tangu shule ya msingi macho yanawasha na wanayafikicha kutwa. Mwanzoni hauna dalili kubwa, unaona namba ya miwani inabadilika mara kwa mara na astigmatizimu (konea kutopinda sawasawa pande zote) inapanda. Mtu anachoka kubadilisha vioo, anasema afadhali nifanye leza nimalize. Na huyo ndiye mtu ambaye leza haitakiwi kumgusa! Ukichonga konea iliyo dhaifu, inaendelea kutokeza, uoni unaharibika kwa namna ambayo miwani hairekebishi tena. Wataalamu wanaita ektasia. Kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, lakini kazi yake ni kuzuia isiendelee, hairudishi kilichopotea. Ikifikia hatua mbaya ni kupandikizwa konea ya marehemu, na kwetu konea za kupandikiza ni chache mno.

Keratokona ya mwanzo inaonekana kwenye ramani ya konea, ile picha yenye rangi bluu, kijani, njano na nyekundu. Mashine inapima umbo la konea mbele na nyuma. Kusoma herufi ukutani hakutaionyesha. Omba hiyo ramani uione, omba nakala.

Wengine wanaopaswa kuahirisha au kuacha: walio chini ya miaka 18 (wengi tunasema subiri hata 21), ambaye namba yake ya miwani imebadilika kwa zaidi ya nusu namba (0.50) ndani ya mwaka mmoja, mjamzito na anayenyonyesha kwa sababu homoni zinabadilisha konea, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye magonjwa ya kinga ya mwili kama lupasi au baridi yabisi, mwenye macho makavu tayari. Anayetumia dawa za chunusi zenye isotretinoini aseme mapema. Mwenye kinga iliyoshuka pia aseme, daktari wake hapaswi kumshangaa.

Nawasilisha kwa hatua hii. Karibuni kwa maswali.

DerevaTunduma

Shukrani mkuu kwa elimu. Mimi naendesha gari la mizigo, safari zangu nyingi ni usiku. Namba yangu ni hasi 3. Jamaa yangu alifanya, anasema usiku taa za magari zina duara. Hiyo ni ya muda au ndiyo basi?

Mpima_Macho

Mkuu Tunduma, wewe ndiye mtu ambaye swali hili linamhusu kuliko wote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilifanya utafiti na taasisi ya macho ya huko na jeshi lao, ukachapishwa 2017. Waliofuatiliwa walikuwa wanajeshi wa majini 262 kwenye kundi la kwanza na raia 312 kwenye la pili. Miongoni mwa waliokuwa hawana kabisa tatizo la duara, mng'ao au kuona kivuli cha pili kabla ya LASIK, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja ya hayo miezi 3 baadaye. Duara kuzunguka taa ndilo lililoongoza, hadi asilimia 40.

Lakini usiishie hapo. Waliopata shida kubwa ya kufanya shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo hawakufika asilimia 1, na walioridhika na uoni wao walizidi asilimia 95. Na wapo waliokuwa wanaona duara hata kabla, kwa sababu ya miwani au lenzi, zikapungua.

Kwa karani wa ofisini hizo namba zinatia moyo. Kwako wewe, unayepanda mlima Kitonga saa nane usiku na taa za basi zinakujia usoni, hata shida ndogo ni shida. Kwa wengi duara hupungua kadiri miezi inavyokwenda, kwa wachache linabaki. Mwambie daktari kazi yako, apime ukubwa wa mboni yako gizani, na kama utafanya usirudi barabarani usiku mpaka upimwe tena na uridhike mwenyewe. Bosi akikuharakisha mkatalie. Hasi 3 na miwani safi yenye vioo visivyoakisi inakuendesha vizuri kabisa.

BintiMakunduchi

Assalam aleykum. Kaka, mimi nataka kujua mambo mawili. Baada ya kufanyiwa, udhu inakuwaje? Na wanja, maana mimi wanja siachi.

Mpima_Macho

Waaleykum salaam dada. Maji ya bomba yasiingie jichoni siku za mwanzo, kwa sababu kifuniko bado hakijashika na vijidudu vinaweza kupita chini yake. Maambukizi ni nadra, ila yakitokea ni ya dharura. Hukumu ya kupangusa au kutayamamu kwa mwenye jeraha muulize sheikh wako kabla ya siku yenyewe, usiende kuhangaika nayo ukiwa umetoka chumba cha upasuaji. Kwa upande wa tiba, kichwa usiinamishie maji, pangusa uso kwa kitambaa chenye unyevu ukikwepa macho, na muulize daktari wako mwisho wa katazo hilo ni lini.

Wanja uache kabla ya upasuaji, kope ziwe safi kabisa, na usirudishe kwa wiki 2. Kile kichupa cha zamani usikirudie. Bahari na bwawa subiri mwezi hadi miwili.

Mkweli_Daima

Jamani mnaingizwa mjini. Angalieni madaktari wa macho wenyewe, wangapi wanavaa miwani? Kama ni salama mbona wao hawafanyi? Na hata huko Marekani kuna bosi mstaafu wa FDA aliyeidhinisha, baadaye akageuka akataka ipigwe marufuku.

Mpima_Macho

Mkuu Mkweli, hoja yako ya pili ni ya kweli na watu waijue. Anaitwa Morris Waxler. Alikuwa FDA wakati leza hizi zinaidhinishwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 akawasilisha ombi rasmi FDA iondoe idhini ya LASIK, akisema madhara yalihesabiwa kwa upungufu. Mwaka 2014 FDA ilikataa ombi hilo. Ila mwaka 2022 FDA yenyewe ilitoa rasimu ya mwongozo ikitaka wagonjwa waelezwe wazi zaidi kuhusu macho makavu, duara, maumivu yasiyoisha na uwezekano wa kuendelea kuhitaji miwani. Baadhi ya vyama vya madaktari wa macho vilipinga kwamba rasimu inatisha watu kupita kiasi. Mimi binafsi naona mgonjwa mtu mzima akielezwa hayo hadhuriki na kitu.

Hoja ya kwanza siikubali. Madaktari wengi unaowaona na miwani wamevuka miaka 40 na ile ni ya kusomea, ambayo leza ya kawaida haiondoi. Wengine konea zao hazifai, kama watu wengine. Na wapo waliofanyiwa, wewe huwezi kuwajua kwa kuwa hawana miwani. NASA iliwaruhusu wanaanga kufanya LASIK mwaka 2007, na hao hawachezi na macho ya watu wao.

Mzee_Kibaha

Vijana wangu, nina miaka 52. Mbali naona vizuri kabisa, shida yangu ni gazeti na simu. Naweza kufanya?

Mpima_Macho

Shikamoo mzee. Hiyo ya kwako ni lenzi ya ndani ya jicho kuwa ngumu kwa umri, inawakuta watu wote kuanzia miaka 40 na kitu. Leza ya konea hailainishi lenzi. Kuna mbinu ya kuliacha jicho moja lione mbali na jingine karibu, wengine wanaizoea na wengine kichwa kinawauma. Wewe mbali unaona vizuri, sioni sababu ya kuuharibu uoni huo. Nunua miwani ya kusomea, na ukiwa hapohapo wapime presha ya macho.

NipoMuscat

Mimi naishi Oman. Kuna kliniki huku nilikwenda, asubuhi nilikuwa nimevaa lenzi za machoni kama kawaida, nikazivua palepale mapokezi, wakanipima na kunipa tarehe ya keshokutwa. Baada ya kusoma uzi huu nimepata wasiwasi. Wasiwasi wangu ni wa kweli au najitisha?

Mpima_Macho

Ni wa kweli, ndugu yangu. Lenzi inabonyeza konea na kuibadilisha umbo kwa muda. Ukipimwa hujaipumzisha, ramani inadanganya na namba inadanganya, na leza itachonga kwa kufuata uongo huo. Lenzi laini zinatakiwa zikae nje kama wiki 2, zile ngumu zaidi ya hapo. Ahirisha hiyo tarehe. Vaa miwani, halafu pima upya, ikiwezekana kwa daktari mwingine. Na kwa kuwa uko Ghuba, keratokona huko ni ya kawaida sana, kwa hiyo ramani isomwe kwa makini mara mbili.

MamaWawili_Nakuru

Hamjambo. Mimi nilifanya LASIK kabla sijaolewa na sijuti hata kidogo, wacha niseme ukweli. Naamka usiku mtoto akilia na naona saa ukutani, hilo peke yake nashukuru Mungu. Lakini hakuna mtu aliniambia vile macho yatakauka. Mwaka wa kwanza nilikuwa natembea na matone kwa kipochi, na wakati wa vumbi la Januari ilikuwa shida kweli. Sasa yametulia, ingawa kwa kompyuta bado nayasikia.

Mpima_Macho

Asante sana mama, ushuhuda wako una uzito kuliko maelezo yangu. Sababu ni kwamba neva za konea zinakatwa, na neva hizo ndizo zinazoliambia jicho litoe machozi. Kwenye ule utafiti wa FDA, kati ya waliokuwa hawana ukavu kabla, hadi asilimia 28 walikuwa nao miezi 3 baadaye. Kwa wengi unapungua ndani ya miezi 6 hadi 12 neva zinapoota. Kuna wachache sana ambao neva huota vibaya na kubaki na maumivu ya kudumu ambayo daktari akitazama jicho haoni kitu. Hao wanateseka mara mbili kwa sababu hawaaminiki.

Na hapa niseme neno juu ya matone. Ya kulainisha jicho unaweza kuyatumia muda mrefu, bora yale yasiyo na kihifadhi. Lakini yale ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) wanayokupa baada ya upasuaji, mfano deksamethasoni, yana mwisho wake. Kwetu mtu anaingia duka la dawa anaonyesha kichupa kilichoisha, anauziwa kingine bila swali. Steroidi ikiendelea kwa miezi inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nimewaona vijana walioharibiwa na kichupa, upasuaji wenyewe ulikwenda salama.

Kitukuu_wa_Rungwe

Mkuu umegusa presha ya macho. Baba yangu imemchukua jicho moja, la pili anaona kwa shida. Mimi nina miaka 29, hasi 5, sijawahi kupimwa presha. Nina fedha ya leza tayari. Nifanye au niache?

Mpima_Macho

Pole kwa mzee. Naomba usome jibu hili taratibu.

Presha ya macho, yaani glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, kwa watu weusi hutokea zaidi, huanza mapema zaidi na hupofusha zaidi kuliko kwa wazungu. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyenayo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na kutoona mbali kwako kunaongeza. Mara nyingi haiumi. Inakula uoni wa pembeni kimyakimya.

Sasa leza inaingiaje? Kifaa cha kupimia presha kinabonyeza konea na kuangalia inavyokataa kubonyea. Konea iliyochongwa ni nyembamba, inabonyea kirahisi, kifaa kinasoma namba ya chini kuliko ukweli. Unaweza kuwa na presha ya 24 kifaa kikasema 19, mpimaji akakuambia uko sawa nenda nyumbani. Miaka inapita. Leza haijakuletea presha, ila imeificha isionekane kwenye kipimo.

Kwa hiyo fedha yako iweke kwanza. Anza na uchunguzi kamili: presha, unene wa konea, mshipa wa fahamu wa jicho utazamwe kwa dawa ya kupanua mboni, na kipimo cha eneo la kuona. Kukiwa na dalili za presha, leza isahau. Kukiwa safi na ukaamua kufanya, tunza karatasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji (unene na umbo la konea, namba ya miwani na presha) maisha yako yote, piga picha, mpe na mkeo nakala. Kila mpimaji utakayekutana naye mwambie "nilichongwa konea". Karatasi hiyohiyo utaihitaji uzeeni ukitolewa mtoto wa jicho, kwa sababu kukokotoa nguvu ya lenzi ya kupandikiza kwa konea iliyochongwa ni kazi ngumu bila vipimo vya zamani. Hospitali inaweza kuhama au kufungwa, karatasi ikae kwako.

Na jambo la mwisho kwa wenye namba kubwa: leza inabadilisha mbele tu. Jicho bado ni refu, retina bado imevutika. Ukiona mimweko ya mwanga, vinukta vyeusi vingi ghafla au pazia upande mmoja, kimbia hospitali siku hiyohiyo, hata kama uliacha miwani miaka 10 iliyopita.

BondiaMzalendo

Mimi napigana ngumi za kulipwa, na mdogo wangu anataka kuomba jeshini. Njia ipi kati ya tatu?

Mpima_Macho

Kwako kifuniko ndicho tatizo. Kinashika, lakini hakirudi kuwa kama kilivyozaliwa, na pigo la jicho linaweza kukisogeza hata miaka baadaye. PRK haina kifuniko, ndiyo huwafaa wapiganaji na askari. Maumivu ya siku chache uyavumilie. Mdogo wako aulize masharti ya afya ya chombo anachoomba kabla hajafanya lolote, yapo majeshi yanayoruhusu baadhi ya njia na kukataa nyingine.

Chuo_Mwaka_wa_Pili

Wakuu, nilisoma uzi huu nikaenda kupima. Namba yangu imepanda kila mwaka tangu kidato cha tatu na macho yananiwasha sana. Daktari ameniambia ramani ya jicho la kushoto ina dalili ya keratokona, hatanifanyia leza. Nimetoka pale nikiwa nimevunjika moyo kwa kweli. Nifanyeje?

Mpima_Macho

Pole mdogo wangu. Naelewa ulikwenda na matumaini mengine. Huyo daktari amelikinga jicho lako, rudi kwake.

Kuanzia leo usifikiche macho kabisa, hata usingizini usilalie jicho. Mzio utibiwe na daktari kwa matone yanayofaa, usinunue mwenyewe dukani. Rudia ramani baada ya muda atakaokupangia, kawaida ni miezi michache, kwenye mashine ileile ili zilinganishwe. Ikionekana inaendelea, uliza mapema kuhusu ile tiba ya vitamini B2 na mwanga. Inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi, na umri wako ndio umri ambao ugonjwa huu hukimbia. Uoni ukisumbua kwa miwani, kuna lenzi ngumu maalumu za keratokona ambazo watu wanasoma nazo vyuo na kufanya kazi. Ukipata nakala za ramani zote mbili, nitumie ujumbe wa faragha, nitakueleza cha kumuuliza daktari wako utakaporudi.